Nakomboa

Loisi alimwita mumewe aje kula. Akaita tena, na safari hii Zablon akajibu kutoka chini ya mizabibu bila kuinua kichwa: "Tangulia kula, Mama Devota. Nakomboa."

Loisi alibaki mlangoni na bakuli la mlenda mkononi, asijue aliweke wapi. Hakuuliza kitu. Kwao Bahi, binti aliyelelewa akaleleka haulizi habari za mahari yake mwenyewe. Mambo ya ng'ombe ni ya wanaume, naye husubiri aambiwe yalivyokwisha. Alilifunika bakuli kwa sahani, akaenda nyuma ya nyumba, akalia kwa furaha mpaka kamasi zikamtoka.

Neno hilo inabidi lieleweke, maana ndilo lililoleta yote. Devota, mtoto wao wa pekee, hakuwa akiishi nao. Alizaliwa Bahi, nyumbani kwa Mzee Bartolomayo, baba yake Loisi, kabla Zablon hajatoa hata mbuzi. Baadaye Zablon alijikongoja akapeleka ng'ombe watatu, akapewa mke. Lakini kwa desturi ya ukoo ule, ng'ombe watatu ni wa mama tu. Mtoto aliyetangulia mahari ni wa babu yake mpaka baba apeleke wengine wanne, na siku akiwapeleka watu husema fulani amekomboa.

Basi mke na mume walihamia Makutupora, wakakodi ekari moja ya zabibu, wakapanga vyumba viwili kando ya shamba. Majirani wakawaita Baba Devota na Mama Devota, kwa jina la mtoto ambaye hapana jirani hata mmoja aliyewahi kumwona. Mungu hakuwapa mwingine. Devota sasa alikuwa darasa la pili, na mara nyingine, akijisahau, alimwita bibi yake mama. Hapo Loisi alikuwa mama wa Makutupora. Kila akilisikia jina hilo kwenye simu alicheka, kisha akikata simu alikaa kitako popote alipokuwa.

Mwaka huu zabibu zilikubali. Shaaban, mnunuzi mwenye pikapu, alizibeba zote kwenda Dar es Salaam na hela akaituma kwenye simu ya Zablon. Makubaliano yalikuwa kwamba Zablon naye ataituma kwa Sila, kaka yake Loisi, ili Sila anunue ng'ombe mnadani kwa macho yake mwenyewe. Mzee alikuwa amekataa kupokea noti. Alisema noti haizai. Kwa hiyo Loisi aliposikia "nakomboa" na kumwona mumewe ameinamia simu, angewaza nini kingine?

Alimpigia mama yake.

"Shikamoo, mama. Baba Devota ameanza kukomboa."

"Amekwambia yeye mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake. Sasa hivi yuko kwenye simu."

"Basi nitamwambia baba yako. Jumapili tutapika."

"Devota yupo?"

"Yupo kwenye majaruba ya mpunga, anafukuza ndege."

"Mwambie," alisema Loisi, kisha akajizuia. "Hapana, usimwambie, asije akaanza kutaabika. Au mwambie. Mwambie tu, mama."

Linalouma ni kwamba Zablon hakusema uongo. Wacheza kamari nao wana neno hilo hilo. Mtu akiliwa hela yake, akaweka nyingine ili airudishe ile ya kwanza, husema anakomboa.

Yalianza na ng'ombe mmoja. Zablon alipopata hela ya mavuno alimpigia Sila amuulize bei ya mnadani, naye Sila akacheka. "Shemeji, mitamba imepanda. Hela yako inatosha watatu. Huyo wa nne hana hata mguu." Pengine Sila hakukusudia kumdhalilisha, ndivyo anavyozungumza. Lakini Zablon alikuwa amedhalilika Bahi kwa miaka, amekaa kwenye kigoda kidogo kuliko vya wengine, amekunywa chai ya mwisho kutoka kwenye birika. Alikata simu akaapa kwamba safari hii hatakwenda na pungufu.

Kwenye simu yake kulikuwa na mashine. Ilichorwa kizamani: sanduku jekundu lenye rangi iliyochubuliwa makusudi, mkono wa chuma wenye kirungu, na magurudumu matatu yaliyobeba ndimu, kengele, saba nyekundu na kishada cha zabibu. Ukiuvuta ule mkono kwa kidole, magurudumu yalizunguka kwa mlio wa chuma kikavu, yakasimama moja moja. Michezo mingine, ile ya mwanga mwingi na ndege zinazopaa, Zablon aliiogopa. Aliiona ni ya wanafunzi wa chuo. Hii aliipenda kwa uzee wake. Kitu cha zamani hakina ujanja, alijiambia, kana kwamba kuchubuka kwa rangi ni kiapo.

Kwa muda alikuwa akiicheza kwa mia mbili mia mbili, akisubiri zamu ya pampu ya dawa. Siku moja vishada vitatu vya zabibu vilijipanga mstari mmoja, ikamwagika elfu themanini. Akaona zabibu zimemtambua mkulima wao. Sasa, kwa sababu ya yule ng'ombe asiye na mguu, aliingia kwenye sehemu iliyoandikwa Chumba cha Wakubwa, ambako kuuvuta mkono mara moja ni elfu hamsini.

Elimu yake ya shambani ndiyo iliyomponza zaidi. Mzabibu usipoukata hauzai. Mgeni akipita shambani baada ya kupogoa hudhani mwenye shamba amerukwa na akili: vimebaki visiki na vijiti vinavyotoa maji. Halafu huja machipukizi, huja maua, huja vishada. Zablon alipoona hela inaliwa, hakuona hasara, aliona anapogoa. Alipoliwa zaidi, alikata zaidi, akingoja machipukizi. Ni kosa ambalo mfugaji asingelifanya. Mfugaji anajua ng'ombe aliyeliwa ameliwa.

Alipoitwa kula mlenda, nusu ya hela ilikuwa imekwenda.

Kesho yake Loisi alikwenda kwa Abdulwahab, anayemwaga viatu vya mitumba kwenye turubai kando ya barabara ya Kondoa. Alikuwa na hela yake ya kibarua cha kuchuma zabibu za watu. Alichagua sandali nyekundu zenye mkanda wa nyuma, akaziinua juani.

"Namba ngapi, mama?" aliuliza Abdulwahab.

"Wa darasa la pili."

"Darasa siyo namba ya kiatu. Mtoto ni wako?"

"Wangu mwenyewe."

"Na hujui mguu wake?"

Wanawake wawili waliokuwa wakipekua turubai waliinua vichwa. Mmoja alikuwa jirani. Alitazama pembeni kwa heshima, na ile heshima ikamuuma Loisi kuliko swali. Alisogea hatua chache, akapiga simu Bahi, akaomba kuzungumza na Devota.

"Mwanangu, mguu wako una urefu gani?"

"Sijui, mama. Ngoja." Simu iliwekwa chini, zikasikika kuku, kisha pumzi. "Mguu wangu ni sawasawa na penseli mpya. Na kucha moja."

"Kucha ya nani?"

"Ya kwangu."

Loisi alirudi akamwambia Abdulwahab, akitegemea kuchekwa. Abdulwahab hakucheka. Aliagiza penseli mpya dukani kwa jirani, akailaza ndani ya sandali, akaongeza upana wa ukucha wa mtoto kwa kukisia. "Hizi zitamfaa. Akizikuta kubwa, atazikulia."

Devota alikuwa bado hewani. "Mama, bibi anasema baba ananikomboa. Kwani niliuzwa?"

"Hukuuzwa. Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Nauliza."

"Uliwekwa tu, mwanangu."

"Kama mbegu?"

"Eeh. Kama mbegu," alisema Loisi, akakata simu. Alilipa viatu bila kupunguziwa bei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Jioni aliviweka juu ya meza, ili Zablon akiingia avione. Zablon aliingia, akaviona, akauliza ni vya nani.

"Vya Devota. Jumapili atavaa hivi tukirudi naye."

"Jumapili ipi?"

"Hii. Nimeshawapigia. Mama anapika, baba anaita wazee wa ukoo."

Zablon alishika ukingo wa meza. "Nani kakwambia Jumapili?"

"Si wewe? Umesema unakomboa." Loisi alicheka. "Najua sitakiwi kuuliza, na sijauliza. Nimesikia tu."

Hapo ndipo mwanaume angesema. Nusu ya hela ilikuwa bado ipo. Ilikuwa na uwezo wa kununua ng'ombe mmoja na mguu wa wa pili, na pengine mzee angekubali kuanzia hapo. Lakini Loisi alikuwa ameshaosha sufuria kubwa, amehamisha magunia kutoka chumba cha pili, amepima kwa mikono mahali kitanda kidogo kitakapokaa. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa binti aliyemkuta Bahi akipepeta mpunga. Zablon alikuwa ameukosa uso huo kwa muda mrefu kiasi cha kutojua kwamba ameukosa. Akashindwa kuuzima.

"Ndiyo," alisema. "Jumapili."

Asubuhi, mke alipokwenda kuteka maji, Zablon alikaa kwenye mstari wa mwisho wa mizabibu akauvuta ule mkono wa chuma. Ndimu, kengele, ndimu. Akauvuta. Zabibu, zabibu, kengele. Mashine ile ilikuwa hodari wa kukuonyesha viwili ukabaki unasubiri cha tatu, na kila ulipokosa ilikufanya uone umekosa kwa unywele. Zablon aliomba. Alimwomba Mungu wa kanisani, na alipoona kimya akawaomba na wazee wa kwao waliolala Chamwino, ambao maskini hata simu hawakuwahi kuiona. Akauvuta. Jua lilipofika kwenye nguzo za katikati ya shamba, mashine ilimwandikia kwa herufi za dhahabu kwamba salio halitoshi, na kumtakia bahati njema.

Hakulia. Alijisikia mwepesi kwanza, kama mtu aliyetua gunia. Kisha akakumbuka gunia lilikuwa na nini ndani.

Jumamosi alimfuata Shaaban, aliyekuwa akipakia makreti kwenye shamba la jirani.

"Naomba unikopeshe juu ya mavuno yajayo," alisema Zablon. "Utachukua kwa bei yoyote."

Shaaban aliendelea kufunga kamba. "Nimekulipa juzi, Baba Devota. Hela ile si ndogo. Kuna mgonjwa?"

"Hapana."

"Msiba?"

"Hapana."

Shaaban alimtazama mkononi, alipoishika simu. "Fungua simu nione kitu kimoja."

"Kitu gani?"

"Kama kuna ile ya magurudumu."

Zablon hakufungua. Vibarua waliokuwa wakipakia walipunguza mwendo ili wasikie vizuri.

"Dereva wangu wa kwanza alikuja hivi hivi," alisema Shaaban, bila ukali. "Nilimpa. Nikampa tena. Mara ya tatu aliuza tairi za akiba za gari langu. Sina hela ya kuilisha mashine, ndugu yangu. Ukija na mgonjwa, nitatoa." Alitoa noti ya elfu kumi mfukoni, akaikunja ndogo, akaisukumiza kwenye mfuko wa shati la Zablon. "Nunua sukari."

Vibarua wakaendelea na kazi. Zablon aliondoka na ile elfu kumi kifuani, na katika yote yaliyompata juma lile hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi, kwa kuwa hakuirudisha.

Alimkuta Loisi anapiga pasi gauni lake la kitenge kwa pasi ya mkaa. Akabaki amesimama.

"Mama Devota, zima hiyo pasi."

"Nimebakiza mkono mmoja."

"Hela haipo."

Loisi aliisimamisha pasi pale pale juu ya gauni. "Si umetuma kwa Sila?"

"Sikutuma."

"Ulisema unakomboa."

"Nilikuwa nakomboa hela."

"Hela gani?"

"Ile iliyoliwa."

"Ililiwa na nani?"

Zablon alimwonyesha. Ilikuwa rahisi kuonyesha kuliko kusema. Mashine ilifunguka kwa kelele zake za furaha, jekundu lake likawaka, zabibu tatu zikacheza. Loisi aliitazama kwa makini, kama mtu anayetambulishwa kwa mke mwenza.

"Hiki ndicho kimekula?"

"Ndiyo."

"Kwani ulikiwekea ili upate nini?"

"Ng'ombe wa nne. Sila alisema wanatosha watatu tu."

"Ungepeleka watatu, Zablon."

Alimwita kwa jina. Tangu Devota azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina. Harufu ya kitambaa kinachoungua iliwafanya wote wawili watazame chini. Pasi ilikuwa imeacha pembetatu ya kahawia kwenye mkono wa gauni. Loisi aliiweka pasi pembeni, akalikunja gauni hivyo hivyo kwa uangalifu, akalitia kwenye mfuko wa safari.

"Nitampigia baba yako," alisema Zablon. "Nitasema naumwa. Tutasogeza mbele."

"Utamwambia nani tumesogeza? Devota?"

"Mama yako atamweleza."

"Mimi sitamwacha mwanangu akae na viatu vya kuambiwa kwenye simu. Tutakwenda. Utasema mwenyewe, mbele yao, kwa mdomo ule ule." Kisha akaenda kulala na jua bado halijazama, akiwa amegeukia ukuta. Zablon alikaa nje akisikiliza kama analia. Hakusikia kitu, na akatamani asikie.

Bahi walifika saa nne asubuhi. Mama yake Loisi alikuwa amepika wali na kuku wawili. Wazee watatu wa ukoo walikuwa wamekaa mbele ya nyumba na fimbo zao, wamevaa makoti ya kanisani, tayari kushuhudia ng'ombe. Sila alikuwa amefagia zizi na kuongeza miba kwenye uzio. Yeye ndiye pekee aliyejua kwamba hakutumiwa hata senti, lakini alidhani shemeji yake ameamua kununua ng'ombe mnadani mwenyewe na wachungaji wanawaleta kwa miguu. Asubuhi yote alikuwa akiwauliza wapita njia kama wameonekana.

Devota alikuwa kwenye kizingiti, amesukwa nywele mpaka macho yamevutika, na begi lake la shule mapajani limejaa nguo. Alimwamkia baba yake kwa kupiga goti, kisha akasimama mbele ya Loisi bila kujua kama anaruhusiwa kumkumbatia. Loisi alimvuta. Alimnusa kichwa. Alikuwa amesahau kwamba mtoto anaongezeka kimo. Mikono yake ilikuwa imejiandaa kushika mtoto mfupi kuliko huyu, ikambidi aipandishe. Alimvisha sandali pale pale, zikamkaa sawasawa, na Devota akazikanyagisha chini moja baada ya nyingine akisikiliza mlio.

"Mbukwenyi," Mzee Bartolomayo aliwasalimu kwa lugha ya kwao, wageni walipoketi.

"Shikamoo, baba," alisema Zablon.

"Marahaba. Ng'ombe wako njia ipi?"

"Hakuna ng'ombe, baba."

Wazee walitazamana. Mzee Bartolomayo hakubadilika uso. "Wameibiwa?"

"Hela imeliwa. Na mchezo wa kwenye simu. Kuna mashine, unavuta mkono."

"Nani anavuta?"

"Mimi."

"Na nani anakula?"

"Mashine."

"Kwa hiyo unavuta wewe, inakula yenyewe." Mzee alitafakari jambo hilo kwa dhati, hakuwa na kejeli. "Ng'ombe wanne?"

"Watatu, baba. Wanne hawakutimia."

Mmoja wa wazee alikohoa kuficha kicheko. Sila aliinuka akaenda kusimama kwenye zizi tupu, akiwapa mgongo.

"Tuleni," alisema Mzee Bartolomayo. "Chakula kimeshapikwa, na mgeni hatoki kwangu na njaa."

Wakala. Hakuna aibu inayozidi kula kuku aliyechinjwa kwa ajili ya sherehe uliyoiua mwenyewe. Zablon alimeza matonge, akawekewa firigisi, heshima ya mkwe, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameipika kabla ya kujua na hakuwa na mwingine wa kumpa. Aliila. Angeiacha wangeona kiburi.

Mikono iliponawiwa, mzee alisema, "Mimi sina ugomvi. Desturi haina haraka. Mtoto ataendelea kukaa hapa, na siku ukipata, tutapika tena."

"Baba," alisema Loisi kutoka kwenye mkeka wa wanawake, "naomba kusema."

Haikuwa kawaida. Mama yake alimgusa goti. Mzee alingoja, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi nabaki."

"Unabaki vipi? Una mume. Ukirudi kwangu, itanibidi nirudishe ng'ombe wake watatu, na wameshazaa."

"Usirudishe hata mmoja. Hajaniacha, wala sijamwacha. Akileta wanne atatuchukua wote wawili siku hiyo hiyo." Alizungumza taratibu, akimtazama mtoto na si wanaume. "Makutupora nilikuwa namngoja mwanangu. Hapa nitamngoja mume wangu. Kungoja nimekuzoea, baba. Ila huku nitakuwa na wa kumshika."

"Mama Devota," alisema Zablon, akasahau kwamba wazee wapo. "Kupogoa kumekaribia. Shamba zima nitaliweza peke yangu?"

"Utaliweza. Kukata unajua."

Hakulisema kwa chuki, ndiyo maana lilifika mbali. Mzee Bartolomayo alichora kitu mchangani kwa ncha ya fimbo, akakifuta. Alikuwa mtu wa desturi, na aliitafuta desturi inayomkataza binti mwenye mume kuishi na mwanawe kwa babu yake, akaikosa. "Nyumba ni kubwa," alisema mwishowe, akainuka kwenda kutazama mpunga ambao haukuhitaji kutazamwa.

Zablon alimwachia mkewe ile simu ndogo ya nyumbani aliyokuwa akipigia Bahi, akampa na elfu saba iliyobaki kwenye ile kumi ya Shaaban. Loisi alipokea simu. Hela aliikunja akamrudishia. "Nauli yako," alisema, akakwepa kumtazama, kwa kuwa alimpenda, na alijua nyumba ya Makutupora itakuwaje jioni mtu akiingia peke yake. Alitamani aende naye akampikie leo tu. Alitamani kwa mwili wote. Akashika mkeka kwa mikono miwili, asije akainuka.

Devota aliambiwa amsindikize baba yake barabarani. Walipita kando ya majaruba, mtoto mbele na sandali zake, baba nyuma. Zablon alimtazama anavyotembea: alitupa mguu wa kushoto nje kidogo, kama yeye. Hakuwahi kulijua hilo.

"Baba, babu anasema bado hujanikomboa."

"Bado, mwanangu."

"Kwa hiyo siendi Makutupora."

"Huendi leo."

Mtoto alifikiri mpaka wakafika kwenye lami. "Na mama anaondoka na basi gani?"

"Mama haondoki. Amebaki."

"Mpaka kesho?"

"Amebaki kabisa. Atakaa na wewe."

"Atalala hapa? Na kesho kutwa?"

"Na kesho kutwa."

Devota alimtazama usoni kuona kama anataniwa. Watu wazima walikuwa wamemwahidi mengi. Alipoona hataniwi, alipiga goti kwenye vumbi, akaweka mikono pamoja kama alivyofundishwa kupokea zawadi kwa mkubwa.

"Asante, baba."

Kisha akavua sandali ili akimbie vizuri zaidi, akageuka, akarudi mbio nyumbani kwa mama yake, bila kuaga.